Namba Kumi na Saba

Adila binti Shuaibu wa Mlingotini alikuwa fundi wa marejeo, na msicheke, ni ufundi kama ufundi mwingine. Mwanasayansi akimaliza makala yake, mwishoni huweka orodha ya maandishi ya wenzake aliyoyatumia, na kila jarida lina masharti yake: hili linataka mwaka mbele, lile nyuma, hili nukta, lile mkato. Ukikosea wanakurudishia. Kwa miaka tisa, kwenye kituo kimoja kidogo cha utafiti wa mwani pale Bagamoyo, kazi hiyo ilikuwa ya Adila, na hakuna daktari aliyewahi kumshika kosa hata la mkato.

Ila alikuwa na kijicho. Si cha watu wote, maskini ya Mungu, cha mtu mmoja tu, Genoveva Anold, Veva kwa waliomzoea, aliyekaa chumba cha pili kutoka chake, mlangoni pameandikwa "Dkt."

Hao wawili walikaa dawati moja sekondari. Na Genoveva alipokuwa akikusanya takwimu za shahada yake ya udaktari, nani alimpeleka kwenye mashamba ya mwani Mlingotini? Adila. Nani aliingia naye majini kila bamvua, maji yakikupwa mbali, kanga imefungwa magotini, akisoma kipimajoto na kuandika? Adila huyo huyo. Miezi kumi na minane! Madaftari matano, mwandiko wa Adila mwanzo mwisho. Kisha Veva akayatia madaftari kwenye mkoba, akaenda zake chuoni. Huko alimwandikia Adila barua pepe, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na Adila akazifuta bila kuzifungua. Azifungue za nini? Salamu za mtu aliyekubebea jasho lako?

Veva akarudi daktari. Makala yake ikatoka jaridani, kituo kizima kikapiga makofi, keki ikakatwa. Kipande cha Adila kilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Tangu hapo akanuna, na alijua kununa yule mwanamke! Kila saa saba mchana Veva alichungulia mlangoni, hotipoti mkononi: "Shoga, umekula?" Na kila siku, njaa ikimkata tumbo, Adila alijibu bila kugeuka: "Nimekula."

Kununa peke yake kukawa hakumtoshi. Orodha si zilikuwa mikononi mwake? Mara mbili, kwenye makala mbili za kituo, aliinyofoa makala ya Veva, akazisogeza namba zilizobaki, akaituma kazi kwa moyo mweupe kabisa. Hakuna aliyesema neno. Zikachapishwa. Wanasayansi huhesabiana kwa kutajwa, na Adila alitaka siku moja Veva ahesabiwe aonekane sifuri.

Jumatano hiyo, jarida moja lilimrudishia Dkt. Bilali, mkuu wa kituo, makala yake. Marejeo hayakufuata mtindo wao. Wakampa mpaka saa kumi alasiri. Yalikuwa arobaini na saba, na Adila akayashukia moja baada ya jingine mpaka akafika namba kumi na saba: "Anold G. na wenzake."

Ndivyo ilivyoandikwa miaka yote mitatu tangu makala hiyo itoke. Yale majarida mengine yalitaka jina la kwanza tu, waliobaki unawafunika kwa "na wenzake", kwa hiyo Adila alikuwa akiuhamisha mstari huo kutoka orodha hii kwenda ile bila hata siku moja kuifungua makala yenyewe. Aliapa macho yake hayataisoma.

Kijiba cha roho kikampanda. Hata kwenye kazi ya mkuu yumo! Akasonya, akaufuta. Kumi na nane ikawa kumi na saba, ikaendelea hivyo mpaka mwisho, na ile sentensi iliyobaki yatima ndani ya makala akaitundika kwenye namba kumi na sita. Akajisikia vizuri. Wallahi, alijisikia vizuri sana.

Saa nane Dkt. Bilali akaingia, karatasi mkononi, miwani imepanda kwenye paji la uso.

"Bi Adila, hebu nisaidie. Hapa nasema mwani wa Mlingotini hunyauka maji ya kina kifupi yakipata joto. Umeniwekea namba kumi na sita. Kumi na sita ni bwana mmoja wa Ufilipino! Alikuja lini Mlingotini huyu bwana? Alifikia kwa nani?"

Adila akajichekesha. "Mkono umeteleza, Daktari."

"Wako? Haujawahi." Akamtazama kidogo. "Haya, mrudishe Veva mahali pake. Na hawa hawataki 'na wenzake'. Wanataka majina yote."

Kwa hiyo ilimbidi aifungue. Akaitafuta kwenye kompyuta, uso ameukunja, akasoma majina chini ya kichwa cha habari. Anold G. Halafu, Shuaibu A.

Akasema moyoni, akina Shuaibu wamejaa pwani nzima. Akateremka mpaka chini. "Adila Shuaibu, Mlingotini, Bagamoyo." Na mstari wa mwisho ulieleza nani alifanya nini: vipimo vyote vya shambani, A. Shuaibu. Hao "wenzake" wote walikuwa mtu mmoja, yeye.

Mtadhani alilia? Thubutu! Kabla ya aibu kilitangulia kijicho: kwa nini jina la Veva liwe mbele? Ndipo aibu ikaja. Mara mbili alikuwa amejifuta mwenyewe, na zile mbili zimeshachapishwa, hazirudi.

Akaandika upya namba kumi na saba, majina yote mawili. Akazisogeza zilizofuata, akahakiki, akatuma saa tisa na nusu. Kisha akaenda kusimama mlangoni pa Veva, pale ambapo alikuwa hajakanyaga tangu siku ya keki.

"Uliliweka jina langu," akasema.

Veva akageuza kiti. "Leo ndiyo umeona? Nilikuandikia mara tatu kukuomba ridhaa. Hukujibu. Halafu nikaona tumetolewa kwenye orodha, mara ya kwanza, mara ya pili. Nikasema, basi, Adila hapendi jina lake litajwe, nimemkosea. Nikanyamaza nisikuudhi zaidi. Nisamehe, shoga."

Hapo angeitikia kwa kichwa tu, mambo yangeisha. Veva mwenyewe alishampa sababu, nzuri, ya heshima. Adila akatikisa kichwa.

"Silo langu nililokuwa natoa, Veva. Lilikuwa lako."

"Langu?"

"Roho iliniuma. Nilitaka usitajwe. Langu sikujua kama limo."

 Nje mtu alikuwa akianua mwani mkavu, na mchakacho wake ulisikika chumbani.

"Mara mbili," akasema Veva.

"Tatu, pamoja na ya leo asubuhi. Mkuu akanikamata."

"Nimesikia," akasema Veva, akakirudisha kiti kwenye kompyuta yake.

Kesho yake Adila aliamka mapema, akapika wali wa nazi na pweza, akaufungasha wa watu wawili. Saa saba ikafika, mlangoni pake hapakuchungulia mtu. Akangoja mpaka saa saba na robo. Akanyanyuka na chakula chake, akaenda kusimama chumba cha pili.

"Shoga, umekula?"

Hotipoti la Veva lilikuwa pembeni ya kompyuta, kifuniko bado kimebana.

"Nimekula," akajibu Veva, bila kugeuka.