Mkono Usiofika Siniani

Niliolewa Mji wa Kale miaka ile reli ilipoanza kujengwa, na mpaka nilipoolewa sikuwa nimezoea kula siniani na watu. Mama alikufa kwa ndui, nikalelewa na shangazi, ambaye mwiko wake haukuwa wa kupikia tu. Nikinyoosha mkono kabla wanawe hawajashiba, ulinishukia vidoleni. Basi nikawa mtu wa kula ukoko jikoni, nimechutama.

Kwa mume wangu wanawake tulikula sinia moja, na mavyaa, yaani mamake mume wangu, ndiye aliyetugawia nyama. Kila alipoisukuma mbele yangu, mkono wangu ulikufa ganzi mapajani. Mwanamke mzima! Nikawa nasema nimeshiba, leo nimeshiba, kesho nimeshiba. Mavyaa akanuna, na haki alikuwa nayo: kukataa sinia la mtu ni kumwambia chakula chake kina kitu. Nikamsikia akimwambia mwanawe kwamba nawadharau, afadhali nirudishwe kwa shangazi yangu.

Adhuhuri moja akanikuta jikoni nakwangua ukoko, mashavu yamejaa. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Kumbe chakula changu waila, ila kwa kujificha?"

"Niwie radhi, mama. Siniani naogopa kupigwa."

"Na nani? Na mimi?"

Nikamweleza huku nalia. Niliona haya kuliko siku zote za mwiko, maana nilijiona namsengenya aliyenilea. Mavyaa alipakua wali, akaketi sakafuni na leso yake nzuri aliyojifunga, tukala sahani moja, mimi na yeye tu. Tukawa tunafanya hivyo kila adhuhuri, mpaka Ramadhani ilipoingia.

Baada ya Idi ikaja harusi ya jirani. Nimeshika tonge siniani, paka akatokea, na mwanamke aliyekaa kando yangu akainua mkono ghafla kumfukuza. Niliruka. Wali ukamwagikia leso ya mamake bibi arusi. Mwanamke mmoja akacheka, na uso wangu ukawaka moto. Nikainuka niende jikoni.

Mavyaa, aliyekaa upande wangu wa pili, akanivuta, nikaketi.

"Sogeeni," akawaambia. "Mwanangu yuwala."

Nikaurudisha mkono siniani, wote wakinitazama, nikala.