Mafiga ya Makaburini

Wenzangu wa rika langu mtanielewa: enzi zetu mtoto aliyerudi nyumbani msafi aliulizwa kama anaumwa. Tulicheza rede mpaka vumbi likaingia kwenye meno, tukala zambarau mpaka ndimi zikabadilika rangi, na darasani tulikaa watano dawati moja, tukinukia mafuta ya nazi. Watoto wa hapa La Rochelle, mtaa wetu wa Johannesburg, wanacheza mpira kwenye simu, na wakifungwa goli hawatoki hata jasho. Nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza, nami naendelea na cherehani yangu.

Kijijini kwetu, nje kidogo ya Tanga, makaburi yalikuwa ndani ya msitu. Hayakuwa na majina wala saruji. Kila kaburi lilikuwa na jiwe kichwani, na kila nyumba ilijua jiwe lake. Mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo, wanaume walikwenda kufyeka, sisi watoto tukibeba maji na ubani. Baadaye tulikula ubwabwa kwenye sinia na kugombea ukoko. Baba yangu, mkata mkonge mwenye viganja vigumu, alikuwa na neno lake: "Maiti hahitaji kitu ila salamu. Lakini msalimie yeye, si jirani yake."

Mama alifariki nikiwa darasa la pili. Baba alimletea jiwe kutoka pwani kwa baiskeli, akalitia mkato mmoja wa panga ili lisifanane na mengine.

Baada ya masika mimi na binamu zangu wawili tulikwenda kucheza kupikapika msituni, maana kulikuwa na kivuli na hakuna wa kutufukuza. Tulikuwa na kopo, mabungo, na kiberiti tulichokiiba jikoni. Figa moja haliinjiki chungu, kwa hiyo tuling'oa mawe ya makaburi matatu yaliyokaribiana. La mama nililibeba mwenyewe, na nakumbuka nilifurahi, kama vile nimemwita aje kupika nasi.

Tukasikia sauti za watu wazima. Tulizima moto kwa mchanga, tukarudisha mawe mbiombio, kila mmoja pale alipodhani. Mvua zilikuwa zimesawazisha ardhi, na majani yameota juu ya yote matatu. Jiwe la mama nililijua. Kaburi lake ndilo sikulijua tena.

Shaabani ilipofika, Baba alilitafuta jiwe lenye mkato, akachuchumaa mbele yake, akalifuta masizi kwa upindo wa kanzu, akasoma Yasini. Nilisimama nyuma yake nikiwa nimeshika birika. Mwaka ule niliogopa bakora. Mwaka uliofuata niliogopa uso wake, na baada ya hapo ikawa nimechelewa mno. Kila mwaka alisoma pale, na kila mwaka nilishika birika.

Nilipokuja Johannesburg nilidhani nimeiacha habari hiyo. Siku Baba alipofariki kaka yangu alinipigia, nikiwa nimesimama kwenye robot, kama wanavyoziita huku taa za barabarani, nasubiri kuvuka, na karatasi zangu za kusafiria hazijatoka.

"Ameusia alazwe ubavuni mwa Mama," alisema. "Si lile jiwe lenye mkato?"

"Ndilo," nikamjibu.

Robot ikawa kijani, watu wakavuka, nami nikabaki palepale.

Sasa binti yangu Zaituni, mwenye jina la mama yangu, anahudumia wazee huko Wales. Amezaliwa hapa, na Kiswahili chake kina vipande vya Kizulu na Kiingereza, lakini anajitahidi. Jumapili iliyopita alinipigia kwa video akiwa katikati ya msitu uliolowa, mbele ya chumba cha mawe kilichofunikwa na jiwe moja kubwa.

"Eish, Baba, angalia. Hii ni nyumba ya wafu, ya kabla watu hawajajua chuma. Waliweka watu wote humu, mifupa ikachanganyika. Hakuna anayejua nani ni nani. Lakini wamefyeka, unaona? Na kuna kibao."

Nikamwambia naona.

"Disemba nikija, unipeleke Tanga, neh? Nataka kukaa kaburini kwa Bibi, nimwambie jina lake ninalo mimi."

Hapo nilishindwa kushika birika tena. Nilimweleza yote: kopo, mabungo, mawe matatu, na lile "ndilo" la kwenye robot. Nilisikia maji yakidondoka kwenye majani ya huko.

"Sasa Babu amelala na nani?" aliuliza.

Nililia mbele ya mwanangu, jambo ambalo baba zetu hawakulifanya.

Enzi zetu tuliwajua wafu wetu kwa majina, bila kibao. Kule Wales wana kibao na njia ya changarawe, na hawana jina hata moja, lakini kila aliyelazwa yuko pale walipomweka watu wake. Kabla hajakata simu Zaituni aliligonga lile jiwe la juu kwa kiganja, na halikutoa hata mlio. Wanaume ishirini wasingelinyanyua. Sijui watu wale waliamini nini, ila walichagua mawe ambayo mtoto hawezi kuyabeba.