Nakshi za Bibi na Kompyuta Niliyoiunga Mwenyewe

Bibi aliyenifundisha kutarizi hajawahi kugusa kompyuta, lakini kompyuta yangu ya kwanza ilijaa kazi yake. Ni mzee wa mtaa wetu hapa Rumonge, kando ya ziwa, na kabla macho yake hayajapungua nguvu alitarizi kofia na shingo za kanzu kwa mkono. Nakshi zake alizichora kwa penseli juu ya karatasi za mifuko ya saruji, amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Mimi nilizichukua zile karatasi nikazifuatisha kwenye skrini, mshono kwa mshono, mpaka mashine yangu ya kutarizi ikaweza kuzishona yenyewe. Alikaa ubavuni mwangu akinisimamia.

"Hapo umebana sana," alikuwa akiniambia. "Ile jani uiache ipumue."

Tulifanya hivyo kwa miaka tisa. Karatasi zenyewe nyingine zilitumika kuwashia moto, nyingine ziliisha kwa mchwa, na hatukuhuzunika, maana tulijua kila kitu kimo ndani ya kompyuta.

Kisha ziwa likapanda. Sisi tunaokaa huku chini karibu na maji tulikuwa tumezoea kuliona likisogea na kurudi, lakini safari hii lilisogea tu. Asubuhi moja niliamka nikakanyaga maji kando ya kitanda. Mume wangu na majirani wawili waliinyanyua mashine ya kutarizi, ambayo ni nzito kama jiwe la kusagia, wakaipandisha juu ya meza. Mimi nilibeba vitambaa, nyuzi na watoto. Kompyuta ilikuwa sakafuni chini ya meza hiyohiyo, na hakuna aliyeikumbuka mpaka jioni.

Tuliianika juani siku nne. Siku ya tano nilikosa subira nikaiwasha. Ilitoa moshi mwembamba wenye harufu ya plastiki, ikanyamaza. Nilifungua kisanduku chake nikaona maji yalikuwa yamefika nusu. Ubao wake mkuu ulikuwa na tope kwenye kona zote. Lakini vitu viwili vilikuwa vimefungwa juu, maji hayakuvifikia: diski yenye nakshi, na kile kidude cha kusomea sidii. Nilivifungua kwa bisibisi ya cherehani, nikavifunga ndani ya kanga, nikaviweka kabatini. Bibi nilimwambia tu kwamba nakshi zimekufa na maji, nisije nikampa tumaini la bure.

Watu waliniambia ninunue kompyuta ndogo ya kubeba, niache shida. Nilijaribu ya rafiki yangu mwalimu. Programu ya mashine yangu ilikataa kabisa kufunguka, kwa sababu ni ya zamani na inakubali mfumo endeshi mmoja tu, wa zamani vilevile, ambao waliouunda wameshaacha kuushughulikia. Isitoshe, mashine inaunganishwa kwa waya mnene wenye pini tisa, na kompyuta za siku hizi hazina tundu la namna hiyo. Nikaona dawa ni kuunga kompyuta yangu mwenyewe.

Mdogo wangu anafanya kazi Bujumbura, kwenye duka la vifaa vya umeme. Nilimwomba anitafutie ubao wenye lile tundu la pini tisa. Aliutafuta kwa wiki nyingi. Alipoupata alinitumia na vingine pamoja: vijiti viwili vya kumbukumbu, kisanduku cha kugawa umeme, na diski mpya. Vilikuja kwa gari la abiria, vimefungwa kwenye katoni ya sabuni. Siku hiyohiyo alinipigia simu.

"Yaya," aliniambia, kwani ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa tangu utotoni, "nimesoma makaratasi ya ile ubao. Wameandika kwamba ile systeme yako ya zamani haiijui. Ukiweka, utajisaidia mwenyewe. Hakuna mutu wa kuuliza."

"Nitajisaidia," nikamjibu.

Kuunga hakukunishinda. Mtu aliyezoea kufungua cherehani na kuirudisha haogopi skrubu. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kukamua mawese, alitoka kazini akakaa nami mezani, akishika kipande kimoja kimoja na kunisomea maandishi yake kwa sauti, Kifaransa chake kikiwa kizuri kuliko changu. Tulipobonyeza kitufe, feni ilizunguka na skrini ikawaka. Nilimwona akicheka peke yake, kimya.

Furaha yetu ilidumu dakika chache. Niliweka sidii ya mfumo wa zamani, ukaanza kupakia, ukafika kwenye ukurasa wa kwanza unaouliza lugha. Nilibonyeza kibodi, hakuna kitu. Nilisogeza kipanya, mshale haukutikisika. Nikazima nikawasha. Kabla mfumo haujapakia, kibodi ilifanya kazi vizuri. Ukishapakia, inakufa. Nilibadilisha tundu, nikaazima kibodi ya mwalimu, nikarudia yaleyale siku tatu. Siku ya tatu ndipo nilipoelewa: matundu ya ule ubao yalikuwa mapya kuliko mfumo. Mfumo ulikuwa hauyatambui, kwa hiyo kila nilichochomeka humo ulikiona kama hakipo.

Nilikaa nikauangalia ubao kwa nyuma, tundu baada ya tundu. Juu kabisa palikuwa na moja la duara, dogo, lenye vitobo vya pini. Nililikumbuka. Kibodi za zamani zilikuwa na kichwa cha duara kama hicho, na mfumo wangu ulikuwa wa umri wao.

Sasa kibodi ya namna hiyo utaipata wapi? Niliuliza Rumonge nzima. Mwishowe muuza karatasi mmoja aliniambia kuna bwana huko Magara aliyekuwa na kibanda cha kuchapa barua, akakifunga akaingia kwenye uvuvi. Nilikwenda Magara asubuhi yake. Mitumbwi ilikuwa imesharudi, na wanawake walikuwa wanaanika ndagala, dagaa wa huku kwetu. Yule bwana nilimkuta anashona wavu.

"Amahoro, kaka," nilimsalimu. "Nimeambiwa ulikuwa na kibodi za zamani."

"Amahoro. Za zamani kiasi gani?"

"Zenye kichwa cha duara."

Aliweka wavu chini akaniangalia vizuri. "Unataka kufanya nini nayo?"

Nilimweleza yote, toka maji yalipoingia mpaka ule ukurasa unaouliza lugha. Kisha aliingia ndani, nikasikia anaburuta vitu, akatoka na gunia. Ndani yake zilikuwemo kibodi tatu zimefungwa kwa kamba ya wavu. Alizipangusa kwa shati lake.

"Mke wangu kila mwaka ananiambia nitupe," alisema. "Nashindwa. Nilichapa barua nyingi sana na hizi. Watu walikuja kulia mbele yangu, nikaandika. Chukua hii, herufi zake zote ziko muzima. Na chukua na hii, kama ile itakufa."

Nilimuuliza nitamlipa nini. Alisema nikifaulu nirudi nimwambie, basi. Nilizikumbatia zile kibodi mbili, nikamwambia murakoze, asante, mara mbili.

Kibodi ya Magara ilifanya kazi mara ya kwanza. Nilibonyeza, ukurasa ukageuka. Mfumo wa zamani uliingia wote, programu ya mashine ikaingia, waya wa pini tisa ukashika. Nikajua nimemaliza.

Sikuwa nimemaliza. Kila nilipoanza kushona maua ya majaribio yaliyokuja na programu, baada ya muda skrini iligeuka buluu, imejaa maandishi meupe, na sindano ikasimama katikati ya ua. Wakati mwingine baada ya nusu saa, wakati mwingine baada ya dakika tano. Niliharibu vitambaa kumi na zaidi. Niliulaumu mfumo. Kila mtu aliulaumu. Mdogo wangu alisema kwa upole kwamba alinionya.

Niliandika shida yangu kwa simu, kwa Kifaransa changu cha kuungaunga, kwenye ukumbi mmoja wa mtandaoni wanakosaidiana watu wa kompyuta. Waliojibu kwanza waliniambia nitupe mfumo huo. Mmoja aliuliza kwa nini mtu anang'ang'ania maiti. Nilitaka kufunga simu nisirudi tena. Halafu akajibu mtu mwingine, ambaye mpaka leo sijui ni mwanamume au mwanamke, wala anaishi nchi gani. Aliandika hivi: "Bibie, huenda mfumo wako hauna kosa. Toa kijiti kimoja cha kumbukumbu. Fanya kazi na kimoja tu kwa siku nzima. Kesho weka kile kingine peke yake. Kisha uniambie."

Nilifanya alivyosema. Kwa kijiti cha kwanza nilishona kutwa nzima, ua baada ya ua, hakuna buluu. Kesho yake niliweka cha pili. Haikufika robo saa.

Nilimwandikia. Alinijibu nikiangalie kile kijiti kwenye meno yake ya rangi ya dhahabu, chini ya mwanga. Nilikipeleka mlangoni kwenye jua. Juu ya meno kulikuwa na utando mwembamba, wa rangi ya machungwa, na vumbi limenata juu yake. Katikati ya ule utando ilionekana wazi alama ya kidole gumba.

Nilimwita mume wangu. Alikuja, akaangalia, akanusa.

"Mawese," alisema.

"Mawese," nikasema.

"Nilinawa mikono siku ile."

"Najua ulinawa."

Alikaa kwenye kizingiti. Nilimwona ameumia kweli, kama mtu aliyevunja chungu cha watu. Wiki tatu nzima nilikuwa nautukana mfumo mbele yake, kumbe ni kidole chake kilichotaka kunisomea. Sikuweza kukasirika. Nilimkumbuka alivyokuwa amechoka jioni ile, na bado akakaa mezani nami mpaka feni ikazunguka. Nilichukua kifutio cha penseli ninachotumia kufutia michoro, nikamkabidhi. "Futa wewe," nikamwambia. Alifuta pole pole, meno yakarudi kung'aa. Tukakirudisha kijiti mahali pake, na ile buluu sijaiona tena.

Nilimwandikia yule mtu wa mtandaoni kumweleza kuhusu mawese. Alijibu kwamba ameshaona kahawa, nywele za paka na maziwa ya mtoto, lakini mawese ni mara ya kwanza. Nilimshukuru kwa maneno yote niliyokuwa nayo kwa Kifaransa. Magara nako nilirudi, kama nilivyoambiwa. Yule bwana aliniuliza ni kibodi ipi iliyofanya kazi, nilipomwonyesha akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, akarudi kwenye wavu wake.

Diski ya zamani niliiunganisha mwisho kabisa, kwa hofu. Nakshi zilikuwemo. Mbili zilikataa kufunguka, zilizobaki zote zilifunguka. Nilichagua moja ya shingo ya kanzu, nikaishona kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, nikaenda nayo kwa Bibi. Nilimwekea kitambaa mapajani.

Alikipitisha chini ya vidole vyake, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia. Alirudi nyuma kidogo, akaendelea.

"Hii niliichora mwaka niliofiwa na mume wangu," alisema. "Nilikuwa nashinda ndani. Wewe ulikuja na chai." Vidole vikasimama. "Ulisema zilikufa na maji."

"Zimerudi, Bibi. Watu walinisaidia."

"Watu gani?"

Nilimhadithia wote: mdogo wangu wa Bujumbura, yule bwana wa Magara na gunia lake, mtu nisiyemjua wa mtandaoni, mume wangu na gumba lake. Alicheka sana kwa lile gumba. Kisha aliinua mikono akawaombea dua mmoja mmoja, na alipofika kwa yule wa mtandaoni alisita.

"Huyu nimwombee kwa jina gani?"

"Sina jina lake, Bibi."

"Mungu analijua," akasema, akaendelea.

Sasa kompyuta yangu inakaa juu ya rafu aliyoipigilia mume wangu, mbali na sakafu. Siiunganishi na mtandao kamwe, kwa kuwa mfumo wake hauna tena wa kuulinda. Nakshi nimezinakili kwenye flashi mbili, moja iko kwa mdogo wangu. Bibi huletwa na mjukuu wake kila Alhamisi. Ananieleza kwa mdomo ua jipya analoliwaza, mimi nachora kwenye skrini, nashona kipande, namkabidhi akipime kwa vidole. Wiki iliyopita alikipapasa kipande kimoja kwa muda mrefu, akaniambia bado nabana.