Goti, Utumbo na Mama Mkwe

Mtu mwenye utumbo wenye vidonda hana makuu. Anataka choo kilicho karibu na njia isiyo na kizuizi. Kwangu, mtaani Panda, katika nyumba ndogo za zamani za wafanyakazi wa mgodi, choo kiko nyuma ya uwanja na njia ni moja tu. Kisha mke wangu akajifungua, mama yake akaja kutoka Kasai kumpokea mjukuu, akaweka kiti chake katikati ya njia ile.

Kwetu watu wa Kasai, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Simtazami usoni, naye hanitazami. Hatuli mahali pamoja. Sipiti karibu naye. Maneno yetu hupitia kwa mke wangu, hata kama kati yetu kuna ukuta mmoja mwembamba na kila mtu anasikia kila kitu. Ndiyo heshima, nami naipenda, ila nahisi waliotunga masharti yake walikuwa na matumbo mazima.

Basi nikibanwa, natoka kwa mlango wa mbele, nazunguka nyumba ya jirani, nakatiza matembele yake, naingia chooni kwa upande wa pili. Jirani aliamini namwibia mboga. Na safari hiyo yote naifanya nikichechemea, kwa sababu goti la kulia lilikuwa limevimba.

Daktari alikuwa amenieleza kwamba goti halijanionea bure: ugonjwa ule ule wa utumbo hupanda hadi kwenye viungo. Nimeze dawa za utumbo bila kuruka, nikande goti kwa kitambaa cha maji ya moto, nitembee kidogo kila siku, na maumivu yakizidi ninywe paracetamol kwa kipimo chake, basi. Vile vidonge vikali vya kupunguza uvimbe, ambavyo wachimbaji wa hapa hutafuna kama karanga kwa ajili ya migongo yao, nisiviguse bila kumwuliza, maana vinaweza kuuamsha utumbo na kuutoa damu. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimevimeza bila kujua, nikalazwa, nikaongezewa damu ya watu. Niliogopa kurudi kule kuliko nilivyoogopa goti.

Mama mkwe hakuniona nikichechemea, kwa kuwa hanitazami. Alinisikia.

"Muambie bwana yako," sauti ikatoka uwanjani, "muguu yake inanisikitisha. Akunywe hii dawa. Minye mwenyewe njo ninakunywaga, na magoti yangu inatembea muzuri."

Mke wangu akaingia na kisahani kilichofunikwa kitambaa cheupe. Katikati kilikaa kidonge kimoja, kimetulia kama mgeni rasmi. Nilikitambua kwa rangi yake: kile kile cha wachimbaji. Lakini kurudisha sahani ya mama mkwe ni kusema binti yake si kitu. Nikapaza sauti: "Muambie mama, aksanti sana." Kidonge kikaenda kwenye mkebe wa misumari.

Kesho yake niliendelea kuchechemea, na kisahani kikaja na vidonge viwili. Nikamnong'oneza mke wangu amweleze mama yake ukweli.

"Nimuambie nini? Niseme bwana yangu anaharaga damu? Minye siwezi kukuvua nguo mbele ya mama yangu."

"Sema tu tumbo inauma."

"Atauliza, inauma namuna gani?"

Ni kweli, angeuliza. Mkebe ukaendelea kujaa.

Asubuhi moja mke wangu akaenda sokoni, akamwachia mama yake mtoto. Hapakuwa na wa kupitisha maneno. Nikasikia mama mkwe akimwambia kile kichanga:

"Mujukuu, uambie baba yako, comprimé imeshindwa. Nimeita infirmier, anakuya na sindano ya ile ile dawa, ya nguvu. Asitoke."

Kidonge unaweza kukificha. Sindano utaificha wapi? Nikavuta kiti hadi ukutani, nikaupa mlango wa uwanjani mgongo.

"Weye ukuta," nikasema, "unisikilize. Minye niko na bidonda mu matumbo. Ile dawa inaniletea damu ku choo, ilibakia kiloko nikufe. Comprimé ya mama sikukunywa hata moja. Hapana zarau. Niliogopa."

Nikaona vikao vya ukoo, nikaona mbuzi wa kuomba radhi, tena mkubwa.

"Mujukuu," sauti ikasema polepole, "uulize baba yako. Kama mutu anakunywa ile dawa kila siku, na choo yake inakuwa mweusi kama makala ya jiko, ile nayo ni damu?"

Niligeuka kabla sijakumbuka kwamba sigeuki. Midomo yake ilikuwa imepauka, macho yamezama. Siku zote zile sikumtazama uso kwa heshima, na kwa hiyo sikumwona mgonjwa. Nilijikasirikia, nikaikasirikia na heshima yenyewe.

"Tangu lini, mama?"

Akajifunika kitenge. "Tangu mbele ya Pasaka. Ningemuambia nani? Niko mu nyumba ya mukwe."

Muuguzi akafika na sindano yake, akauliza goti liko wapi. Nikamwambia tunahitaji pikipiki yake, siyo sindano. Mtoto tukamwachia jirani wa matembele, ambaye alishangaa kuniona nimepita barabarani kama watu. Tukapanda pikipiki watatu, mama mkwe katikati, nami nyuma nimemshika asianguke.

Amepona, usiwe na wasiwasi. Ilikuwa kidonda cha tumbo, kilichochimbwa na vidonge vile vile, na sasa magoti yake anayakanda kwa maji ya moto kama mimi. Langu nalo lilitulia daktari aliponirekebishia dawa za utumbo.

Lakini siku ile hospitalini, daktari wa zamu alimwuliza mama mkwe choo chake kikoje. Akatazama dirisha. Daktari akarudia swali. Nikainuka nitoke nje, kama inavyompasa mkwe, nikahisi nguo yangu imevutwa.

"Ikala," akasema, bado anatazama dirisha. "Weye njo unajua namuna ya kuisema. Umuambie."

Nikakaa, nikamweleza daktari yote, naye hakuuachia mkono wa shati langu hadi tulipomaliza.