Mlango wa Upande wa Mama

Juzi nilikodi gari pale Nakawa, Kampala, linipandishe kilima cha Mbuya. Nilipokaa mbele na kuvuta mkanda, dereva akacheka. Wake ulikuwa umechomekwa kwenye kifungo lakini umepita nyuma ya mgongo wake, yeye ameuegemea tu.

"Hii gari nalia sana," akanieleza. "Kama hapana chomeka, nalia mpaka kichwa nauma. Sasa mimi nadanganya yeye."

Akanitazama nikiushusha mkanda chini ya tumbo. "Mzee, kwani tunaenda na ndege?"

Sikumhubiria. Tulipanda kilima akiwa amelaza kiti kama mtu anayenyolewa ndevu, mikono imenyooka, vidole vikigusa usukani kwa ncha. Niliujua mkao ule. Ndivyo alivyokaa baba yangu, ingawa yeye alikuwa na sababu nyingine, sababu nzuri kabisa. Ndiyo iliyomuua mama. Ngoja nikueleze kwa utaratibu, maana watu wanaposikia habari hii huharakisha kumhukumu baba, na mimi sitaki hivyo.

Kama nawe ulikulia katika nyumba za askari, utakumbuka asubuhi zake. Baragumu kwanza, kisha milio ya madumu kwenye bomba la maji, kisha wanawake wakigombania zamu kwa lugha zao za kaskazini na kumalizana kwa Kiswahili, kwa kuwa matusi ya Kiswahili yalieleweka na wote. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja chenye pazia katikati. Upande mmoja walilala wazazi, upande wa pili mimi na dada yangu mkubwa. Jioni mama alisaga ufuta na kuuchanganya na mboga za majani machungu, na harufu yake ilipita mabati mpaka kwa jirani. Kazi yangu ilikuwa kupiga rangi buti za baba. Kazi ya dada ilikuwa maji. Hatukujiona maskini, kwa sababu kila mlango ulikuwa kama wetu.

Baba alikuwa dereva wa lori la jeshi, na njia yake ilikuwa ile ya kaskazini, wakati wa vita, ambapo magari yalivuka daraja la Karuma kwa msafara na watu walisali kabla ya kulifikia. Siku moja waasi walilipiga lori lake kutoka kwenye nyasi. Baba aliruka nje, akabingirika, akalala mtaroni mpaka milio ikaisha. Mwenzake aliyekaa kando yake alikuwa amefunga mkanda. Baba hakupenda kuisimulia habari hiyo, lakini alipoisimulia, hakuanza na risasi wala moto. Alianza na vidole vya yule mwenzake, vikitafuta kifungo bila kukipata.

Tangu hapo alikuwa na sheria zake, nao madereva wenzake kambini walizishika kama yeye. Kiti kisukumwe nyuma mpaka mwisho, ili magoti yasinase kwenye usukani unaporuka. Mkanda usifungwe kamwe. Na mlango usifungwe wote. Unajua mlango wa gari una kushika kwa aina mbili, kule hafifu kwa kwanza na kule kuzito kwa pili. Wao waliuacha kwenye kule kwa kwanza, ili ufunguke kwa kusukumwa na bega. Kambini tuliuita hivyo, mlango wa bega.

Aliporudishwa kufanya kazi Kampala, alinunua gari dogo kuukuu, na siku ya kwanza alikata mikanda yote kwa kisu. Wanawake waliigombania. Hakuna kamba iliyofunga godoro au mzigo wa kuni vizuri kuliko ile. Jumapili, baada ya kuliosha gari, alitupakia mimi na dada, akaliendesha polepole katika uwanja wa nyuma, halafu ghafla akapaza sauti, "Ruka!" Nasi tuliruka, mmoja kila upande, tukabingirika kwenye majani na kulala kifudifudi. Watoto wa kambi nzima walikuja kuomba nafasi. Sijawahi kuwa na mchezo mtamu kama ule. Baba alitupita akiwa amefunga mikono nyuma, akikagua nani ameinua kichwa. "Wewe nakufa," alimwambia mmoja. "Wewe pia nakufa. Dada yako iko mzima." Tulicheka mpaka machozi.

Mama hakuruka. Alikaa mlangoni akichambua mboga, akisema mume wake anafundisha watoto kuwa nyani. Lakini kwenye gari alikaa kama alivyoagizwa, kiti nyuma kabisa, miguu haifiki popote pa kujikaza, mlango wa bega. Alikuwa mfupi. Kiti kile kilimmeza.

Jirani yetu mmoja alikuwa Mkongo, muuza vitenge, mwanamke mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Kila mara gari letu lilipopita mbele ya kibanda chake alipiga kelele.

"Baba Afande! Ile gari yako iko kama kuku ya kufukuzwa, mabawa wazi! Ule mulango utaufunga lini?"

"Mama Kitenge, wewe najua nguo," baba alimjibu bila kusimama. "Mimi najua njia."

"Njia gani? Njia ya soko?"

Mama alicheka sana, kisha akamtetea mumewe. Alituambia nyumbani kwamba mtu aliyetoka hai mahali ambapo wenzake hawakutoka, usimfundishe kutembea. Niliamini hivyo. Hata leo sioni alikuwa amekosea wapi kwa kusema vile.

Ilikuwa Jumamosi, saa za asubuhi, tukirudi kutoka soko la Nakawa. Mama alikuwa na kapu mapajani, mikono yote miwili imelikumbatia kwa sababu ya nyanya. Trei ya mayai ilikuwa nyuma, katikati yangu na dada. Baba hakuwa na haraka. Pikipiki moja ilichomoka upande wa kushoto, kutoka uchochoro wa gereji, bila kutazama. Baba alitafuta breki, na mguu wake ukaigusa kwa ncha ya kiatu tu, kwa vile kiti kilikuwa mbali. Gari halikupungua. Akakata usukani kulia. Mama akatupwa kushoto, bega lake likauendea mlango, na mlango ukafanya kile ulichoachiwa ukifanye.

Gari lilipanda ukingo, likasimama. Halikukwaruzika. Taa zote zilikuwa nzima. Hakuna yai lililopasuka. Mimi na dada tuliruka nje, mmoja kila upande, tukabingirika, tukalala kifudifudi, vizuri kabisa kama tulivyofundishwa, na kwa muda tulingoja baba apite kutukagua. Kisha dada aliinua kichwa.

Mama alikuwa amelala kwenye lami, nyuzi chache za damu zikimtoka sikioni. Watu wa gereji walikuja wakilia kwa Kiganda, "Banange, banange," mmoja akavua shati lake kumwekea chini ya kichwa. Baba alipiga magoti, akamshika mkono. Alikuwa bado anapumua alipoingizwa ndani ya gari la watu, na hakuwa anapumua lilipofika hospitali.

Kwenye msiba askari walikaa kwenye mabenchi, wakinywa chai. Mmoja wao, dereva mwenzake wa miaka mingi, alitaka kumfariji. "Afande, wewe hapana kosa. Kama ilikuwa kule Karuma, hiyo mlango naokoa yeye."

Baba alikiweka kikombe chake chini.

"Hapa hapana Karuma," akasema.

Mama Kitenge, ambaye angeweza kusema mengi, alikuja na kitenge kipya cha kumfunika mama, akakikunjua, akakinyoosha pembe zake nne, akaondoka.

Tulimpeleka nyumbani kwao kaskazini, kama desturi inavyotaka, kwa lori la jeshi. Kwa hiyo safari yangu ya kwanza kwenye njia ile ilikuwa na jeneza la mama. Niliikodolea macho kila nyasi. Baba alikaa nyuma pamoja nasi, kiganja juu ya ubao. Daraja tulilivuka, maji yakinguruma chini, nyani wakikaa kando wakitutazama. Hakuna kilichotokea. Njia ilikuwa kimya mwanzo hadi mwisho.

Baada ya kurudi, baba alikwenda kwa wauza vipuri, akaja na mikanda mitano iliyotolewa kwenye magari yaliyobondeka. Aliifunga mwenyewe, boliti moja moja, mchana kutwa. Kisha akamwita dada, ambaye kimo chake kilikuwa kimelingana na cha mama, akamkalisha mbele. Akasogeza kiti hatua kwa hatua mpaka nyayo zake zikatua sakafuni na magoti yakakunjika kidogo. Akainua mgongo wa kiti. Akauvuta mkanda, sehemu ya chini akailaza kwenye mifupa ya nyonga, ya juu akaipitisha katikati ya bega, mbali na shingo, akaukaza mpaka kiganja chake kikawa kinapita kwa shida. Baadaye sana, niliponunua vitabu vya mitumba kuhusu magari na kuvisoma peke yangu, nilikuta kwamba kila kitu alikiweka sawasawa. Hakuna aliyemfundisha. Alipima tu kwa mwili wa mtoto wake.

"Hapa nabana?" aliuliza.

"Hapana, baba."

"Na hapa?"

"Hapa iko sawa."

Akaufunga mlango. Ulishika mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Akazunguka, akasogeza kiti chake mwenyewe mbele, akakaa, akafunga wake. Injini hakuiwasha. Dada alitaka kushuka, naye akamwambia, "Kaa kidogo." Walikaa hivyo wakitazama ukuta wa nyumba, mpaka giza likaanza kuingia na mimi nikaenda kuwasha jiko, maana hapakuwa na mtu mwingine wa kuliwasha.

Gari hilo hakuliendesha tena. Nyumba zile za kambi zimebomolewa, wapo walinzi kwenye lango jipya na hawaniruhusu kuingia. Baba amezeeka, anaishi kwa dada, na kila mgeni anapoaga hujikokota kwa fimbo yake mpaka nje, akausukuma mlango wa gari kwa viganja vyote viwili, akausikiliza. Wageni hudhani ni heshima ya kizamani. Dada huwaambia ndiyo, ni heshima.