Sanad ya Gari la Mama Furaha

Mwanangu, nakumbuka Jumamosi moja ya ujana wangu hapa Johannesburg, Mama Furaha aliponiwekea sahani ya ugali na sombe, yaani kisamvu, akasubiri nifike nusu ya sahani, kisha akasema ana jambo dogo la kuniomba. Umri umenifundisha kwamba ombi linalokuja katikati ya chakula linastahili kutazamwa mara mbili. Wakati ule nilikuwa mwanafunzi wa historia katika chuo kikuu kule Braamfontein, mwenye njaa nyingi na tahadhari kidogo, nikamjibu kwamba lolote atakalo nitalifanya.

Nikueleze kwanza Mama Furaha ni nani. Alikuwa mjane kutoka Bukavu, Kongo, nami nilipanga chumba cha uani katika nyumba yake mtaani Mayfair. Nilipougua homa ya mapafu katika baridi yangu ya kwanza ya nchi hii, yeye ndiye aliyelala kitini kando ya kitanda changu mpaka homa ikashuka. Mama yangu alikuwa Tanga, mbali mno. Kwa hiyo unaposikia nikisema kwamba nilimheshimu, elewa kuwa nalitumia neno hilo kwa uzito wake wote.

Riziki yake ilikuwa gari moja. Lilikuwa jeusi, refu kupita kiasi, lenye mapezi mawili nyuma kama ya samaki mkubwa, na kromi iliyong'aa hata siku ya mawingu. Lilitoka katika kiwanda cha magari ya kifahari cha Detroit, nchini Marekani, na mtaa mzima ukaliita Mmarekani. Marehemu mume wake alilinunua likiwa limechakaa, akalifufua, akafa kabla ya kulifaidi. Mjane akalifanya gari la harusi. Maharusi wa Kitanzania, wa Kikongo na wa Kisomali walipelekwa nalo, na kilichowavuta zaidi ya kromi ilikuwa habari yake: kwamba lilikuwa mali ya mwimbaji mashuhuri wa Sophiatown, enzi zile kabla serikali ya Wazungu haijaubomoa mtaa ule.

Sasa hoteli moja ya Sandton, mtaa wa matajiri, ilikuwa imelipenda. Ilikuwa tayari kulichukua kwa harusi zake zote, kwa sharti moja: mtu wa chuo kikuu aandike historia ya gari na atie sahihi kwamba ni kweli.

"Weye njo musomi wa hii nyumba," Mama Furaha akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, kinachosema njo kwa maana ya ndiye. "Andika tu, mutoto yangu. Bataniheshimu."

Niliona kazi hiyo kuwa nyepesi, tena ya kupendeza, kwa sababu historia ya kiwanda kile nilikuwa nimekwisha kuisoma kwa shauku. Kilizaliwa katika mabaki ya kampuni nyingine iliyoanguka. Fundi mmoja mzee, aliyezoea vipimo vya karakana za bunduki, aliitwa ili akadirie thamani ya mitambo iuzwe, naye akawashauri wenye mali wasiuze bali waunde magari. Wakalipa gari lao jina la Mfaransa aliyeasisi mji wa Detroit. Baadaye wakapeleka magari matatu Uingereza yajaribiwe. Yalifunguliwa yote mpaka kipande cha mwisho, vipande vikachanganywa katika rundo moja, kisha mafundi wakaamriwa kuyaunda upya kwa spana na bisibisi tu. Tupa ilikatazwa. Ikiwa kipande kingehitaji kusuguliwa ili kikae mahali pake, basi kiwanda kingekuwa kimeshindwa. Hakuna kilichosuguliwa. Magari yote matatu yaliwaka na kukimbia, na tangu hapo kiwanda kikajipa haki ya kujiita kipimo cha ulimwengu.

Hayo niliyaandika vizuri. Nikaongeza injini iliyowashwa kwa umeme badala ya kuzungushwa kwa mkono, nikaongeza mapezi ambayo wachoraji wake waliyaazima kutoka kwa ndege za kivita. Kisha nikaandika sentensi moja juu ya mwimbaji wa Sophiatown. Sentensi hiyo ilikuwa nzuri kuliko zote, na hapo ndipo ningepaswa kuishtukia.

Kabla ya kutia sahihi nilimpelekea mjomba wangu, Sheikh Mbaraka, ndugu ya mama yangu, aliyekuwa akisomesha hadithi za Mtume katika madrasa ya hapo Mayfair, kama alivyonisomesha mimi utotoni. Nilikwenda kwake nikitafuta sifa. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, akacheka alipofika kwa yule Mfaransa, kwa maana nilikuwa nimeeleza kwamba, kwa mujibu wa wanahistoria, bwana yule alijitungia ukoo wa kiungwana pamoja na nembo yake, na kiwanda kikaichukua nembo hiyo hiyo kikaibandika mbele ya magari. Nembo ya kutunga juu ya chuma cha kweli, mjomba akasema, ama dunia hii ina vichekesho. Halafu alifika kwenye sentensi yangu nzuri, na kidole kikasimama.

"Nani kakupa habari hii?"

"Mama Furaha."

"Naye kaipata kwa nani?"

"Kwa marehemu mumewe, mjomba."

"Na marehemu?"

Nikasema nadhani kwa mzee aliyemuuzia gari, mkazi wa mtaa wa Alexandra. Akaniuliza kama mzee huyo yu hai. Sikujua. Akaniuliza kama ni mtu mkweli au mtu wa porojo. Sikujua hilo pia.

Hapa nikueleze, mwanangu, kwa kuwa huenda hukupita madrasa. Wanazuoni wetu hawakupokea hadithi kwa uzuri wake. Waliuliza kwanza sanad, yaani mlolongo wa wapokezi: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kufikia aliyeona kwa macho na kusikia kwa masikio. Walisafiri majangwa kwa ajili ya pete moja tu ya mnyororo huo. Nilikuwa nimeyakariri majina ya wapokezi tangu kimo changu kikiwa sawa na mkeka uliokunjwa, na haikunijia hata mara moja kwamba elimu hiyo ingeweza kuhusu gari.

Nilijitetea. Nikasema habari ile haimdhuru mtu, na kwamba anayehitaji msaada ni mjane aliyenilea katika ugonjwa. Mjomba alikunja karatasi akanirudishia.

"Mjane msaidie kwa mikono yako, kwa miguu yako, hata kwa kulala njaa," akasema. "Sahihi yako si yako peke yako, Idrisa. Yuko atakayesoma baada yako, hakujui, hawezi kukuuliza, atakuamini. Hawa Wamarekani wako hawakugusa tupa. Wewe mbona unayo mkononi?"

Nilitoka pale masikio yakiwaka. Lakini kabla sijafika nyumbani hasira ilikuwa imegeuka kuwa kitu kigumu na chenye faida zaidi: niliazimia kumpata mzee wa Alexandra.

Watu wa lugha yetu walikuwa wakionyana wasikanyage kule, na onyo halikuwa la bure, kwani mgeni alijulikana kwa neno lake la kwanza na si kila mtu alimfurahia. Nilikwenda. Niliuliza katika maduka ya spaza, yale madogo ya majumbani, nikauliza kwenye kituo cha teksi, nikauliza wazee waliokuwa wakitoka kanisani. Mara ya kwanza nilirudi mikono mitupu. Mara ya pili vijana walinifukuza kwa maneno na mawe machache, ambayo nashukuru hayakuwa na shabaha. Mara ya tatu mwanamke muuza mboga aliniongoza uchochoroni mpaka kwa Mkhulu Dlamini, Mkhulu likiwa neno la Kizulu la kumwitia babu. Alikuwa ameketi juu ya kreti, akifungua jiko la mafuta ya taa.

Nilipomwambia habari ya mwimbaji mashuhuri alicheka mpaka akakohoa. "Eish," akasema, na ikambidi anywe maji.

Gari lile, akanieleza, lilikuwa kwanza la wazikaji wa Kizungu. Lilipowachosha akalinunua yeye, akalifanya teksi ya kuwapeleka watu wa Alexandra mjini alfajiri na kuwarudisha jioni, wamebanana hadi milango ikigoma kufungwa. Miongoni mwa abiria wake alikuwamo mama mmoja mfua nguo, mwana kwaya, aliyekaa nyuma na kuimba nyimbo za kanisa njia nzima, wenzake wakiitikia. Basi siku ya kuliuza gari, alimwambia mnunuzi kwamba kiti cha nyuma kilikuwa cha mwimbaji. Hakusema zaidi ya hilo.

Unaona ilivyokuwa, mwanangu? Hakuna aliyekaa chini akabuni uongo. Mkhulu alisema mwimbaji. Yaliyobaki nayakisia: marehemu, kwa mapenzi ya gari lake, akaongeza umashuhuri. Mama Furaha, kwa mapenzi ya marehemu, akaongeza Sophiatown na kumpa mwimbaji umiliki. Kila mmoja alisugua kidogo tu. Na mimi, msomi wa nyumba, niliombwa nipige rangi.

Nilitaka ushahidi wa kuthibitisha kauli ya Mkhulu pia, kwa sababu naye alikuwa mtu kama wengine. Akaniambia nifunue zulia chini ya kiti cha nyuma: sakafu ilioza, akaiziba kwa kipande cha bango la barabarani. Nilirudi Mayfair, nikafunua. Bango lilikuwapo, nusu ya mshale wake mweupe ikielekeza kushoto.

Kumweleza Mama Furaha kulikuwa kugumu kuliko mawe ya Alexandra. Nilimsimulia yote, nikamfafanulia sanad ni nini, nikamwambia kwamba nitaandika kila neno nililolithibitisha na kutia sahihi, na kwamba habari ya mwimbaji wa Sophiatown haitakuwamo.

"Siku ulikuwa mugonjwa," akasema, "mi nilikuomba sanad?"

Nilimwambia tu kwamba kila Jumamosi nitaamka kuosha gari na kuling'arisha, nitamtafutia maharusi katika kila msikiti na kila kanisa, lakini kuandika kile siwezi. Akaniambia niandike ninayoyataka, akaingia ndani.

Hoteli ilisoma maandishi yangu, ikashukuru, ikachukua gari la mtu mwingine. Mama Furaha hakunifukuza. Aliacha tu kuniita mezani. Sahani yangu ikawa inawekwa kizingitini, imefunikwa. Niliamka Jumamosi zote. Tuliosha gari pamoja, yeye upande mmoja na mimi wa pili, kama watu wawili waliokodishwa na matajiri wasiojuana.

Baridi ilikuwa imekwisha Mkhulu Dlamini alipotokea langoni kwa anwani niliyokuwa nimemwachia, kavaa suti na kofia, akataka gari kwa harusi ya mjukuu wake. Mama Furaha alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu, kisha akanigeukia.

"Njo uyu sanad yako?"

Nikakiri. Akamwambia mzee kwamba bei ni ile ile ya watu wote, na kwamba wenye kucheka mpaka kukohoa hawapunguziwi. Mkhulu akakubali, ila akaomba akae mbele.

Siku ya harusi, gari liliposimama Alexandra, vikongwe walilizunguka kabla hata bibi harusi hajatoka. Waliligusa milango. Walikumbushana nani alikalia wapi, nani alishikwa na uchungu wa uzazi njiani, nani alishushwa kwa kukosa kibali cha kuingia mjini. Mmoja wao akaomba afunguliwe mlango wa nyuma, akaketi, akaanza wimbo kwa sauti nyembamba, na wengine wakaitikia kutoka nje. Mama Furaha alisimama kando akiwa ameshika shada la maua la bibi harusi, asijue aliweke wapi.

Wakati wa kurudi alizungumza tulipokaribia nyumbani. "Ba Sandton bangenilipa muzuri zaidi," akasema. Nikakubali kwamba ni kweli. Robot, kama taa za barabarani zinavyoitwa hapa, ikawa nyekundu, ikawa kijani, ndipo akaongeza: "Kesho ukuye kula."

Sitakuambia kwamba ukweli ulimtajirisha, maana haukumtajirisha. Watu wa Alexandra walilikodi gari, lakini hawakuwa wengi wala matajiri, na kazi ya Sandton haikurudi. Aliishi kwa jasho kama awali. Ninachokuambia ni kwamba tangu siku ile, mteja alipomuuliza gari hili ni la nani, alimsimulia habari ya mfua nguo, na hakuwa na haja ya kumtazama mtu usoni kuona kama ameamini.

Basi nisikilize. Siku hizi habari hupita mikononi mwenu kwa kidole kimoja, nayo huwafikia imekwisha kusuguliwa na watu msiowajua. Kabla hujaipitisha, uliza: nani kakupa, naye kaipata kwa nani, na wa mwisho aliona nini. Ukikwama, simama hapo ulipokwama na useme wazi kwamba umekwama. Ikiwa aliye hai anaweza kuulizwa, nenda kamuulize, hata kama mtaa wake unatisha. Usitoe sahihi yako kama shukrani; shukrani ina njia nyingine, nyingi na nzito, nazo zichukue zote. Na anayekupenda akikasirika kwa sababu hukumwandikia uongo, usimkimbie wala usijitetee kila siku. Amka ufanye kazi kando yake mpaka akuite tena.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi usioyumba na miguu isiyochoka kutafuta. Akukutanishe na watu watakaokuuliza maswali magumu kabla dunia haijakuuliza. Na kila utakachokiandika, akijaalie kiwe cha kutegemewa na yule ambaye hutamwona. Amina.