Maji Tohara ya Hodhi

Mpaka leo nikipewa maji ya kunywa nyumbani kwa mtu, nayanusa kwanza. Wenye nyumba hununa, nami siwalaumu. Tabia hiyo niliipata Mwanza, kwenye shule ya Kiislamu ya bweni iliyokuwa kilimani juu ya mto Mirongo, nilikochimba choo miaka ile ya ruksa, soko lilipofunguliwa na kila kitu kikawa kinapatikana mjini isipokuwa maji.

Shule yangu mwenyewe niliiacha darasa la sita, Misungwi. Hakuna aliyenifukuza, nilichoka tu kukaa mahali pamoja. Nilikuwa nimeshabeba magunia ya dagaa, nimesugua sakafu kwenye kiwanda cha minofu ya samaki, nimelala njia panda ya Usagara nikingoja lori la kwenda kokote. Sikuwa Mwislamu, na ustadhi mkuu wa pale hakujali. Alikuwa mzee mpole, mwenye sauti ndogo, na alinichukua kwa sababu vibarua wa mjini walikuja, wakanusa, wakaondoka.

Walikuwa na haki. Choo cha zamani kilikuwa na matundu manne, na shimo lake lilikuwa limejaa mpaka ukichuchumaa unaona kilicho chini yako kikitikisika. Funza weupe walipanda ukutani. Mimi nilichimba hatua chache pembeni, na kila nilipopiga sururu ile harufu iliniingia mdomoni, nikaimeza pamoja na ugali wa mchana. Nilivumilia kwa sababu nilikuwa na njaa, na kwa sababu pale paliniruhusu kuuliza maswali.

Chini kidogo ya choo palikuwa na kisima, na kando ya kisima hodhi kubwa la saruji, wazi juu. Maji ya bomba yalifika kilimani yalipojisikia. Kwa hiyo vijana walivuta maji ya kisima kwa pampu ya mkono, wakajaza hodhi, na humo wakatawadha, wakapikiwa, wakanywa. Kila mmoja alikuwa na kopo lake la mafuta ya kupikia la kwenda nalo chooni kujisafishia. Alipotoka huko alilichovya hodhini kopo lilelile, tayari kwa safari nyingine. Ukingoni palikuwa na utelezi wa kijani unaonata vidoleni kama makamasi. Viluwiluwi vya mbu vilicheza katikati. Mara ya kwanza nilipoona kijana anasukuma viluwiluwi kwa kiganja ili anywe, niligeuza uso.

Nilimuuliza ustadhi, naye akafurahi kuulizwa. Alinieleza kwamba maji yakiwa mengi kupita kipimo fulani, najisi ikiingia hayaharibiki, mpaka yabadilike rangi, harufu au ladha. Hodhi lile lilipita kipimo hicho mara nyingi. Lilikuwa tohara, yaani safi kisheria. Niliona ni hesabu safi ya watu wa jangwani, nikanywa na mimi. Chai ilikuwa ya bure.

Kisha matumbo ya kuhara yakaanza. Kwanza vijana wawili watatu, halafu nusu ya bweni, halafu na mimi. Matundu manne hayakutosha. Asubuhi ungekuta vitu nyuma ya bweni, kwenye majani, hata kwenye ngazi ya darasa, na nzi wa kijani wakitoka huko moja kwa moja kwenye sufuria za uji.

Lawama ikamwangukia mama mpishi. Alikuwa mjane wa kutoka Ukerewe, mwenye miaka mingi katika jiko lile, mtu anayenawa mpaka kwenye viwiko kabla ya kugusa mchele. Lakini kijana mmoja alisema alimwona akichambua dagaa bila kunawa, na maneno hayo yakawahi kufika kwa ustadhi. Alimwita mbele ya vijana wote, akamwambia kwa ile sauti yake ndogo kwamba mikono yake ni michafu, maji aliyopewa ni safi, na Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho.

Nilimkuta jikoni akimenya viazi vitamu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho.

"Kazi si kitu," aliniambia. "Lakini atakayeniuliza kwa nini nimeachishwa nimjibu nini? Kwamba nilikuwa nalisha watoto wa watu mavi? Mwanza hii nani atanipa sufuria tena?"

Mimi nilikuwa nimeshafika mwambani. Mwanza ukichimba hufiki mbali. Urefu wa kifua tu unakutana na jiwe. Jiwe lile lilikuwa limelala kuelekea kisimani, na juu yake, kutoka upande wa choo cha zamani, maji meusi yalikuwa yakichuruzika taratibu. Nilimwendea ustadhi nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda hodhini, akateka kwa kiganja, akatazama, akanusa, akasukutua.

"Hayajabadilika, kijana wangu," alisema. "Nimhukumu nani, maji au mtu?"

Hakuwa akinidanganya. Ndicho kilichonikera zaidi.

Jumatano mama mpishi alichukua galoni la mafuta ya taa akayamwaga yote katika matundu ya choo. Ndivyo walivyofanya kwao kuua funza, na alisema hataki kuondoka akiwaachia vijana wadudu wale. Usiku ule na kutwa ya Alhamisi mvua ilinyesha. Ijumaa asubuhi vijana walipampu, wakajaza hodhi, wakaanza kutawadha mapema kwa ajili ya sala ya mchana. Wa kwanza akasukutua, akatema. Wa pili akatema. Ladha ilikuwa ya mafuta ya taa.

Mmoja akawaambia wenzake wasipite karibu na jiko wasije wakawaka. Wengine hawakucheka. Walisema mwanamke ametia sumu kwa kisasi. Ustadhi akamwita tena, mbele yao kama mara ya kwanza.

"Umemwaga mafuta kwenye maji?"

"Nimemwaga chooni, ustadhi. Muulize huyu mchimbaji, aliniona."

Nikasema nilimwona. Kisha nikamwomba ustadhi aje shimoni kwangu. Nilidhani atachungulia tu, lakini alikunja kanzu akashuka. Kwenye jiwe, yale maji meusi yalikuwa na utando wa rangirangi, na yananuka mafuta ya taa. Tulisimama mle wawili, mavi yakiwa usawa wa mbavu zetu upande wa pili wa udongo. Alifuata mchirizi kwa kidole, kutoka chooni hadi unapoingia ardhini kuelekea kisimani.

"Mafuta si najisi," alisema polepole. "Lakini hayakuja peke yake."

Akageuka pembeni akatema mate. Akatema tena, akafuta ulimi kwa pindo la kanzu, akaufuta kwa nguvu kama mtu anayesugua sufuria. Nami nikaanza kuhesabu chai zote nilizokunywa.

Alipopanda juu, kanzu imeharibika mpaka magotini, aliwaambia vijana sala zao ni sahihi. Kilichokosewa ni matumbo yao, na aliyekosea ni yeye. Kisha akamgeukia mama mpishi akamtaka radhi kwa maneno yaleyale aliyomhukumia, neno kwa neno, akiyageuza: mikono yako ilikuwa safi. Kilichokuwa kichafu ni maji niliyokupa.

Mama mpishi aliingia jikoni, akatoa sufuria ya chai ya asubuhi, akaimwaga uwanjani mbele yetu sote, akaifunika kifudifudi juu ya mafiga.

"Sipiki mpaka niletewe maji ya bomba," alisema.

Ustadhi akachukua ndoo mbili akateremka kilima kutafuta bomba, na ile kanzu yake inayonuka. Vijana wakamfuata na ndoo zao, wakipungua njiani mmoja mmoja, wakikimbilia vichakani na kuchuchumaa.